Anayeijua ofisi hamjui mtu, anayemjua mtu haijui ofisi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za mijini hugeuka ofisi za ushauri wa elimu. Kijana anafika na matokeo yake kwenye simu, mama yake yuko pembeni ameukumbatia mkoba wenye fedha za maombi, na anayeamua hatima ya wote wawili ni yule aliyekaa nyuma ya kompyuta. "Una HGL, dogo? C moja na D mbili? Tukuwekee nini?" Kijana anajibu kile ambacho wote hujibu: kozi yenye ajira. Mwenye kompyuta anaupekua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), anakuna kichwa, anasema, "Basi weka Utawala wa Umma chaguo la kwanza, Saikolojia la pili, la tatu tutaangalia." Mama anauliza kwa sauti ya chini, "Hiyo saikolojia ndiyo nini, mwanangu?" Kijana anamjibu, "Ni ya kusoma akili za watu, mama." Fomu inatumwa, fedha inalipwa, anaitwa anayefuata kwenye foleni.

Nimeyaona haya mara nyingi kiasi cha kuacha kucheka. Miaka mitatu ya ujana wa mtu na akiba ya ukoo mzima vinaamuliwa kwa dakika kumi, tena kwa kozi ambazo hata aliyezipendekeza anaziona ni za mabaki: za yule ambaye Udaktari, Uhandisi na Sheria vimempita.

Msimamo wangu ni huu. Saikolojia na Utawala wa Umma si kozi za mabaki, na anayetaka zifutwe hajui anachokiomba. Ni kozi ambazo kaya ya kawaida inazihitaji kila wiki, ijue isijue. Ubovu uko katika namna tunavyozifundisha. Mwanafunzi wa saikolojia tunamfundisha mtu bila ofisi, wa utawala tunamfundisha ofisi bila mtu, na wote wawili hatuwapi kazi ya kushika mpaka siku ya kuvaa joho. Ningepewa mimi kalamu ya mitaala, ningepunguza idadi ya wanaodahiliwa, ningewakalisha pamoja katika baadhi ya masomo, na ningewalazimisha kukaa mwaka mzima kazini kabla ya kuhitimu.

Mzumbe ilianzia ofisini

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya serikali za mitaa pale Mzumbe, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Waliopelekwa huko hawakuwa vijana waliotoka shuleni jana. Walikuwa machifu, watumishi wa tawala za wenyeji, madiwani na mahakimu. Mkoloni alikuwa na haja zake: alitaka kodi ikusanywe na kumbukumbu zitunzwe, na kwa hilo sina sababu ya kumshukuru. Lakini kila aliyeketi katika madarasa yale alikuwa ameacha nyuma baraza lake, hesabu zake zisizolingana na kesi yake ya mpaka iliyomshinda. Mwalimu akieleza namna ya kutunza fedha za umma, mwanafunzi alikuwa tayari anaona sura ya karani aliyezila.

Mwaka 1972 shule hiyo iliunganishwa na idara ya utawala wa umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikazaliwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM Mzumbe, jina ambalo wazee wengi serikalini bado wanalitaja kwa majivuno. Ajabu ya historia ni kwamba mwaka huohuo, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Zilirudi kwa sheria za mwaka 1982. Kwa takriban miaka kumi, basi, nchi iliendelea kufundisha utawala huku ngazi iliyo karibu zaidi na mwananchi ikiwa imeondolewa. Mwaka 2001 sheria ya Bunge ikaifanya Mzumbe kuwa chuo kikuu kamili. Leo shahada za utawala na uongozi wa umma zinatolewa huko, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Dodoma na kwingineko, za umma na za binafsi.

Katikati ya safari hiyo lilikuja Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Azimio lile lilikuwa na makali yake. Liliwapunguza wasichana vyuoni, na sharti hilo likalegezwa kwao, kisha baadaye kwa wote. Siombi lirudishwe kama lilivyokuwa. Hata hivyo, waliopita katika kipindi kile wanakumbuka darasa ambalo mhadhiri hakuweza kusema jambo la uongo kuhusu ofisi ya wilaya bila mtu kunyoosha mkono kumrekebisha. Aliyetoka masijala alikuwa amekaa mstari wa tatu.

Mwanafunzi wa leo je? Ametoka shule ya sekondari akaingia ukumbi wa mihadhara wenye mamia ya wenzake. Atakutajia Max Weber na sifa za urasimu bila kupepesa. Atakueleza kwamba Woodrow Wilson, kabla hajawa rais wa Marekani, aliandika mwaka 1887 makala inayohesabiwa kuwa mwanzo wa taaluma hii. Mwulize sasa dokezo sabili linaandikwaje, faili linatokaje masijala hadi mezani kwa mkurugenzi, au Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinasemaje juu ya likizo ya mtumishi aliyefiwa. Atakutazama. Wahenga walishamsema: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Saikolojia iliyolelewa na ualimu

Saikolojia kwetu ina historia nyingine. Kwa miaka mingi haikuwa na nyumba yake. Ililelewa ndani ya vitivo vya elimu, na pale Mlimani hadi leo kuna idara ya saikolojia ya elimu na mitaala. Anayechukua shahada ya ualimu katika saikolojia hutarajiwa, kwa desturi, kwenda kuwafundisha walimu watarajiwa jinsi mtoto anavyokua na kujifunza. Kazi njema kabisa. Tatizo ni kwamba vyuo vya ualimu si vingi kama wahitimu, na ajira za ualimu zilipopungua kasi, mhitimu huyu alijikuta amesomea kufundisha somo ambalo shule ya sekondari ya kawaida hata haina.

Mtaani nako hapumui. Akisema anasoma saikolojia, mmoja atamwambia, "Basi niambie sasa hivi nawaza nini." Mwingine atamtabiria kazi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe kule Dodoma, na akiwa Unguja ataambiwa Kidongo Chekundu. Watu wanacheka kwa sababu tumezoea kudhani kwamba akili ina hali mbili tu: nzima, au ya kufungiwa. Ya katikati hatuna subira nayo. Mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita na hataki kumshika mtoto, baba aliyepunguzwa kazini ambaye tangu hapo hasemi na mtu, binti aliyeacha kula. Hawa hawaendi Mirembe. Hawaendi popote. Wanaombewa, wanasemwa, au wanaachwa, hadi siku jambo lilipuke ndipo majirani waseme "hata hatukujua".

Wenzetu wa Kenya mwaka 2014 walitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, yenye bodi ya kuwasajili. Sheria peke yake haimponyi mtu. Lakini inamwezesha mzazi kuuliza: huyu anayezungumza na mwanangu amesajiliwa? Na inamlazimisha mhitimu kujua kwamba shahada peke yake, bila usajili, haitoshi. Hapa kwetu wapo wanaohitimu shahada ya kwanza mwezi wa kumi na moja na kufungua ukurasa wa "daktari wa saikolojia" mitandaoni kabla ya Krismasi. Hiyo si taaluma, ni biashara ya maneno juu ya majeraha ya watu, na wahadhiri wao wanapaswa kuwa wa kwanza kuikemea.

Nenda shuleni uone pengo lilivyo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, tena vitolewe na mkuu wa shule mwenyewe au kwa idhini yake. Shule hiyohiyo inatakiwa kuwa na mwalimu wa malezi na unasihi. Si ajabu ukakuta mwenye fimbo asubuhi ndiye mwenye sikio mchana, mwalimu yuleyule, mwenye vipindi vyake vya Hisabati na rundo la madaftari ya kusahihisha. Mtoto gani atampelekea siri mtu aliyemchapa saa mbili asubuhi?

Mezani kwa mtendaji wa kata

Ukitaka kujua kwa nini taaluma hizi mbili hazipaswi kutenganishwa, usiende maktaba. Nenda ukae kwenye benchi nje ya ofisi ya mtendaji wa kata, asubuhi ya siku yoyote ya kazi.

Wa kwanza ni kijana anayetaka barua ya utambulisho apate kitambulisho cha taifa. Hilo ni karatasi na muhuri, utawala mtupu, nalo lingepaswa kuchukua dakika tano. Wa pili ni mama ambaye mumewe amehamia kwa mwanamke mwingine na ameacha kutoa matumizi, anataka "aitwe". Wa tatu ni ndugu wawili waliorithi shamba, wamekaa benchi moja lakini kila mmoja anatazama upande wake. Wa nne ni mzee anayelalamikia kijana wake anayevuta bangi na kumtishia. Wa tano ni mwalimu mkuu aliyeleta orodha ya wanafunzi watoro. Halafu simu ya mtendaji inaita: wilayani wanataka taarifa ya makusanyo kabla ya saa sita.

Sasa niambie, katika hao, ni nani aliyekuja na jambo la utawala peke yake? Yule wa muhuri tu. Wengine wote wameleta hasira, aibu, hofu na uchovu, vimefungwa ndani ya jambo la kiserikali. Mtendaji aliyefundishwa ngazi za mamlaka na mzunguko wa bajeti, asifundishwe namna ya kumsikiliza mtu anayelia, atafanya kile anachokijua. Atamwambia mama arudi Jumatatu. Atawatisha ndugu wale kwa polisi. Atamwandikia mzee barua ya kwenda kituoni, naye mzee hatakwenda, maana nani anapenda kumfungisha mwanawe? Na sisi tutasema mtendaji ana kiburi. Huenda kweli anacho. Lakini huenda pia hana chombo kingine mkononi.

Tangu mwaka 2021 hata mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi. Yamebaki na kazi ya kusuluhisha. Kusuluhisha ni ufundi. Unataka ujue mtu anaposema "mimi sitaki mali, nataka haki" huwa anadai nini hasa, na kwa nini mdogo mtu hawezi kukubali mbele za watu jambo ambalo angelikubali faraghani. Tumewapa watu wa kata kazi ya mwanasaikolojia na hatukumpa hata mmoja wao semina ya maana.

Geuza shilingi. Mchukue mhitimu wa saikolojia, hodari, mwenye moyo, umpeleke shule ya kata. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Mhitimu wetu anampata mmoja, anakaa naye, anamrudishia ujasiri. Binti anasema niko tayari. Kisha? Nani anaandikiwa barua? Nafasi yake iko shule ipi, na je, uhamisho unapitia kwa ofisa elimu kata au wilayani? Mtoto mchanga atabaki na nani, na ustawi wa jamii wana ofisa wa kumtembelea? Mhitimu hajui mlango wowote kati ya hiyo. Ile kazi nzuri ya kumtia binti moyo inafia kaunta, kwa karani anayesema "sisi hatujapata waraka".

Na liko jambo zito kuliko hilo. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Familia iliyomwokoa kijana wake usiku inajiuliza kwanza kama ikimpeleka hospitali itaishia polisi. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikakitangaza kuwa kinyume cha katiba. Nani atakayeandaa hoja ya kubadili cha kwetu? Mwanasaikolojia anajua kijana yule anahitaji nini, ila hajui muswada unavyosafiri kutoka wizarani hadi bungeni. Mtu wa utawala anaijua njia yote, ila hajawahi kukaa usiku mmoja na familia hiyo.

Wazo la kuwakalisha pamoja si langu. Herbert Simon, Mmarekani, alianza kama kijana wa sayansi ya siasa. Katika miaka ya 1930 alikwenda mji wa Milwaukee kuchunguza jinsi viwanja vya michezo vya watoto vilivyoendeshwa. Alikuta idara mbili zinagombana: moja inataka fedha ziende kwenye ukarabati wa viwanja, nyingine inataka zilipe wasimamizi wa michezo. Kila upande uliamini unaona ukweli mtupu. Simon akatambua kuwa mtumishi huona dunia kupitia dirisha la idara yake, na kwamba huwezi kuelewa ofisi bila kuelewa akili ya anayekaa ndani yake. Mwaka 1947 alitoa kitabu juu ya tabia ya utawala ambacho bado kinasomwa, mwaka 1978 akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi, na miaka yake ya baadaye aliitwa profesa wa saikolojia. Vyuo vyetu vinamfundisha Simon kwa wanafunzi wa utawala, kisha vinawakataza wanafunzi haohao, kwa ratiba tu, wasifanye alichofanya Simon.

Kitu pekee ambacho kozi hizi mbili zinashirikiana kwa uhakika ni Maslow. Ngazi yake ya mahitaji ya mwaka 1943 inafundishwa huku na huku, inachorwa pembetatu ileile, na inatoka kwenye mtihani karibu kila mwaka. Wanafunzi wanaisoma kwenye desa lilelile lililorithiwa kutoka kwa waliotangulia, lenye fotokopi iliyofifia kiasi kwamba ngazi ya juu haisomeki.

Wiki nane za kutoa fotokopi

Utaniambia fildi, yaani mafunzo ya vitendo, ipo. Ipo, ndiyo. Katika vyuo vingi ni wiki nane hivi wakati wa likizo ndefu. Mwanafunzi anazunguka na barua ya chuo akibisha hodi ofisi hadi ofisi, na anayepokelewa haraka mara nyingi ni mwenye mjomba. Akishapokelewa, wiki ya kwanza anatambulishwa, ya pili anatumwa fotokopi, ya tatu anazoea kutumwa chai. Daftari lake la fildi linajazwa kwa siku moja mwishoni, msimamizi anatia saini bila kusoma, na mhadhiri anayekagua anafika mara moja, kama anafika, akiwa na orodha ya wanafunzi wengine ishirini wa kuwaona mkoani humo kabla posho haijaisha.

Simlaumu ofisa anayemtuma fotokopi. Wiki nane ni muda wa mgeni, na mgeni hakabidhiwi faili la siri wala mama anayelia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huyu tumempa kitanda cha kuegemea tu.

Mwaka mzima ni jambo jingine. Mtu atakayekaa mwaka katika halmashauri ataiona bajeti ikizaliwa, ikikatwa na ikichelewa. Ataona msimu wa kukusanya ushuru wa mazao na msimu wa njaa. Atakabidhiwa kazi kwa sababu kutomkabidhi kutakuwa hasara kwa ofisi yenyewe. Wa saikolojia atakayekaa mwaka shuleni atawaona watoto walewale Januari na Novemba; atajua yupi alibadilika na kwa nini. Madaktari wetu hawaachiwi mgonjwa peke yao kabla ya mwaka wa mafunzo ya vitendo baada ya shahada. Tumekubali hilo kwa mwili. Kwa akili ya mtoto na kwa ardhi ya mjane tunaridhika na wiki nane?

Ningependa pia fildi hiyo iwapange wawiliwawili: wa utawala na wa saikolojia katika kata moja. Huyu amfundishe mwenzake dokezo sabili, naye afundishwe namna ya kunyamaza mtu anapozungumza.

Gharama zipo na sizifichi. Mwaka wa kazini unataka posho, na Bodi ya Mikopo ina vipaumbele vyake, ambavyo kozi za namna hii mara nyingi haziko mstari wa mbele. Ndiyo maana nilisema idadi ipungue. Tuseme ukweli unaojulikana kwenye korido za vyuo: kozi ya maabara inadai mitambo na kemikali, kozi ya utawala inadai ukumbi na kipaza sauti. Ni rahisi kuongeza mia mbili wengine, na ada yao inaziba matundu mengine ya chuo. Wanafunzi hawa wamekuwa wakigharamia vyuo kuliko vyuo vinavyowagharamia wao.

Nyumbani ndiko hesabu inakofungwa

Mwezi Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha zile zilitushtua kwa wiki moja. Miaka zaidi ya kumi baadaye, mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Safari hii hatukushtuka hata kwa wiki. Miongoni mwa wanaojaza fomu hizo wamo wengi wenye shahada tunazozizungumza, kwa sababu shahada isiyomfunga mtu na kazi maalumu humfanya aombe kila kazi.

Fuata familia moja ya namna hiyo, na zipo kila mtaa. Kiwanja kimoja kiliuzwa mwaka wa kwanza. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, lilipochelewa, dada aliyeolewa alituma chochote kwa simu. Kijana alihitimu, picha ya joho ikatundikwa sebuleni. Sasa kila tangazo la Sekretarieti ya Ajira ni gharama: kuthibitisha vyeti, kuchapisha, nauli na malazi pale usaili unapokuwa mbali. Mtihani wa mchujo una mamia kwa maelfu, anakosa kwa alama mbili. Akibahatika kuajiriwa, Bodi itakata asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, na wengi walipumua. Lakini punguzo la deni ni faraja kwa mwenye mshahara. Asiye nao anadaiwa na mama yake kwanza, kwa macho tu, kila asubuhi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kijana huyu anakaa bure katika mtaa uliojaa kazi yake. Shule jirani haina mnasihi. Ofisi ya mtaa imeelemewa na migogoro. Zahanati ina akina mama wanaohitaji mtu wa kuzungumza nao. Kazi ipo, nafasi haipo; na kati ya kazi na nafasi kuna kitu kinaitwa muundo wa utumishi, waraka unaotaja shahada gani inaruhusiwa kuomba cheo gani. Shahada isipotajwa humo, mhitimu anabaki mtazamaji. Vyuo vinaanzisha kozi bila kuuliza kama muundo unaitambua, na serikali inarekebisha miundo bila kuuliza vyuo vinazalisha nini.

"Si wasome sayansi?"

Kuna jibu la haraka ambalo wakubwa wanalipenda: vijana wasome sayansi. Wasome, tena wengi zaidi. Lakini hospitali inayojengwa itaendeshwa na nani? Mara ngapi tumesikia jengo limekamilika, vifaa vipo, huduma hakuna, kwa sababu mtu fulani hakusaini au watu wawili hawaelewani? Tanki la maji la kijiji hufa kwa ugomvi wa kamati mapema kuliko linavyokufa kwa kutu. Anayedhani nchi huendeshwa na mitambo peke yake hajawahi kuhudhuria mkutano wa kijiji kuhusu fedha za mradi.

Wengine watasema mwaka wa kazini utawachelewesha vijana. Wanachelewa sasa hivi, wakiwa nyumbani, bila posho wala msimamizi.

TCU ina nguvu ya kuanza bila kusubiri sera mpya. Katika mwongozo ujao wa udahili, mbele ya kila kozi, pamoja na alama za kuingilia, iandikwe fildi ni wiki ngapi, msimamizi mmoja anakagua wanafunzi wangapi, na shahada hiyo inatambuliwa katika muundo wa kada ipi. Chuo kitakachoona aibu kujaza nafasi hizo kipunguziwe wanafunzi hadi kitakapokuwa na cha kujaza.

Nawe mzazi uliyeketi na mwanao mbele ya kompyuta msimu huu, usimwachie mwenye steshenari. Kabla hamjabonyeza kutuma, piga simu chuoni uulize maswali hayohayo matatu, na wakishindwa kukujibu, shusha chaguo hilo chini.